Nilivyouegemeza Mnara wa Upepo Kama Mgomba

Wandugu wa kundi hili, leo nimejivua nguo mbele ya kijiji kizima. (Suruali ipo. Nasema heshima.)

Kwa wasiojua, mimi ndiye mlinzi wa mnara wa kupimia upepo hapa kilimani kwetu, Mabira. Ni mlingoti mwembamba wa chuma, mrefu kuliko mikaratusi, umeshikiliwa na nyaya nene kila upande. Juu una vikombe vinavyozunguka. Chini kuna kisanduku kinachotuma namba kwenye kompyuta ya mhandisi. Upepo ukitosha, tunajengewa mitambo ya umeme. Usipotosha, wanahamia kilima kingine, na sisi tunabaki na vibatari. Salumu mwenye duka ameshanunua friji kabisa. Kwa sasa anahifadhia sabuni.

Sasa mimi ni mkulima wa ndizi. Tangu nizaliwe upepo ni adui yangu. Lakini mwaka huu wote nimekuwa nauomba kanisani! (Kimoyomoyo. Jirani zangu nao wana migomba.)

Jana mchana ukaja. Mawe! (Ndiyo "mama yangu!" ya kwetu.) Umenilazia migomba kumi na moja. Nikakimbia kilimani, nakuta mnara unayumba. Kulia, kushoto, kulia. Kesho yake mhandisi anakuja kusoma matokeo mbele ya wananchi, halafu akute mnara umelala chini?

Kitu kirefu chembamba kikiyumba, mimi najua dawa moja tu. Nikashika panga, nikakata miti mitatu yenye panda nzuri, nikauegemeza ule mnara kama mgomba wenye mkungu. Nikafunga kwa kamba za mgomba. Mafundo safi! Jana nimelala usingizi wa mtu aliyeokoa taifa.

Leo saa nne, mkutano. Viti vya plastiki, mwenyekiti wa kijiji ndani ya koti lake la sherehe, mwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, unapitishwa kwenye kisahani kwa wageni. Mhandisi ni dada mpole anaitwa Neema. Akanisalimia, "Shikamoo baba," nikavimba. Akafungua kompyuta. Akakunja uso.

"Mwaka mzima namba zenu ni nzuri," akasema. "Ila tangu jana saa tisa naona sifuri. Hakuna upepo kabisa."

Salumu akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nikasimama. (Hakuna aliyeniita.)

"Waitu, jamani mhandisi, hiyo kompyuta inadanganya! Jana upepo umenilazia migomba kumi na moja! Hata huo mnara ungelala, kama si mimi!"

"Kama si wewe? Kwani ulifanya nini, baba?"

Hapo mwenye akili angekaa chini. Mimi nikasema, "Twendeni mkaone!"

Tukapanda kilima, kijiji kizima nyuma yangu, mimi mbele nimetoa kifua. Tulipofika nikanyoosha mkono kama mgeni rasmi anayezindua daraja.

Neema akaangalia. Akazunguka mnara mara moja. Akainama. Ile panda yangu bora kuliko zote ilikuwa imekalia waya mwembamba unaoshuka kutoka kwenye vikombe. Imeukandamiza mpaka umechomoka kwenye kisanduku.

"Baba," akasema taratibu, "mnara huu umetengenezwa uyumbe."

"Uyumbe?"

"Uyumbe. Hizo nyaya nene ndizo zinaushika. Na hizi kamba ni za nini?"

"Za mgomba," mwenyekiti akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Jamani, watu wana roho mbaya! Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye majani. Mama mmoja akapaza sauti, "Angalieni vizuri, huenda umeshatoa mkungu!" Mke wangu mwenyewe, Mama Koku, ndiye aliyecheka wa kwanza. Nilimsikia.

Lakini niwaambie ukweli, mimi nilikuwa naogopa. Niliona umeme wetu unahamia kilima kingine kwa sababu ya panga langu.

Neema akaondoa miti, akachomeka waya, akageuza kompyuta tuione. Namba ikatokea. Ikapanda. Ikapanda tena! Waliokuwa wanacheka wakapiga vigelegele, na mwenyekiti akakimbilia kofia yake iliyokuwa inaelekea bondeni.

Halafu Neema akataka kuiona migomba yangu. Yote kumi na moja! Akaipiga picha mmoja mmoja.

"Siku moja haiharibu mwaka mzima," akasema. "Na ya jana, nitaandika kwamba shahidi ni migomba. Kilima chenu bado kipo kwenye orodha, baba. Mwakani tunaleta mnara mrefu zaidi, na mlinzi ni wewe wewe. Ila panga liache nyumbani."

Nikasema asante mara nne.

Kurudi, nimepita dukani kwa Salumu. Anatoa sabuni kwenye friji, anaifuta ndani kwa kitambaa. Nikamwambia umeme bado sana. Akanijibu, "Najua. Nafuta tu."

Nyumbani nikakaa mbele ya sahani yangu ya ndizi na maharage, nimeinamisha kichwa. Mama Koku akaingia na mti wenye panda, akauegemeza kwenye mgongo wa kiti changu, akaukaza vizuri.

"Nimeona unayumba, Baba Koku," akasema, akaenda zake jikoni.

Haya, chekeni basi. Lakini soda ya kwanza baridi kutoka kwa Salumu ni yangu, nimeshaandika jina kwenye friji.