Ulimi wa Naomie

Jumatatu, 12 Mei 2025
Daktari amesema moyo umechoka. Basi niandike ukweli. Miaka thelathini na minne nilifundisha Kiingereza hapa Rumonge bila kuweza kutamka "three". Nilisema "sri". Leo nusu ya mji inasema "sri". Kabla sijafa nataka kumsikia mwanafunzi wangu mmoja akiitamka sawasawa. Nimemchagua mjukuu wangu Naomie, miaka mitano. Jumamosi atahesabu kwa Kiingereza hadi kumi kwenye sherehe ya shule.

Jumanne, 13 Mei
Nimempaka asali mdomo wa juu ili ulimi utoke katikati ya meno. Ulitoka, ukalamba, ukarudi. Akasema "sri", akaomba nyingine. Chupa imekwisha. Binti yangu Agneta ameuliza nani kala asali. Nimesema sijui.

Jumatano, 14 Mei
Nyuma yetu kuna chuo cha Kurani cha Bi Zainabu. Vitoto vyake vinasoma herufi za Kiarabu zinazotaka ulimi kwenye meno, bila shida. Wivu ulinishika. Nikajificha na Naomie nyuma ya mabati asikilize. Bi Zainabu katuona. Akasema, Mwalimu Tarsisi, ingia, mabati hayafundishi. Akanishauri nisimharakishe mtoto. Wengine wake hufika miaka saba ndipo waitamke, na hata watoto wa Waingereza huchelewa kuipata sauti hiyo. Nikamkumbusha nani kati yetu ana diploma.

Alhamisi, 15 Mei
Kioo asubuhi autazame ulimi, kijiko mchana cha kuusukuma. Naomie amelia. Sasa hataki kabisa kuitaja tatu. Anaruka kutoka mbili hadi nne. Nimemharibu. Jioni nikampeleka kwa Bi Zainabu, kichwa chini. Hakumwambia aseme neno. Alimpa unyoya wa kuku, akamwonyesha kuupuliza ulimi ukiwa kwenye meno. Walicheza saa nzima.

Jumamosi, 17 Mei
"Three"! Safi kabisa. "Six" na "seven" nazo kazitamka kwa ulimi nje, "thix" na "theven", lakini nani alijali. Direkta, mkuu wa shule, akauliza nani kamfundisha. Bi Zainabu alikuwa mstari wa pili. Nikasimama, nikasema ni mimi. Yeye akacheka tu. Akaniambia, kaa, Mwalimu, utaanguka.

Jumapili, 18 Mei
Nilivaa viatu niende kumwomba radhi. Mlangoni nikapata fikra. Kosa ni kuchelewa: mtoto akifika miaka mitano ulimi umeshakuwa mgumu. Nikavua viatu. Kesho naanza na Baraka, mdogo wake Naomie. Ana miezi minane. Agneta asijue.