Tamko Rasmi Kuhusu Kimchi

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Ridhaa ya Awali kwa Wageni Wasiohitaji Viza inautangazia umma kwamba kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya chumvi na pilipili tunayoichachusha kila majira ya baridi yakikaribia, ni kazi. Si mapenzi, si mila, wala si kupiga soga na majirani huku mikono imezama kwenye pilipili. Ni kazi. Tamko hili lilipitishwa na kamati nzima, na mimi, Bong Gil-su, Naibu Mkuu wa Sehemu ya Madhumuni ya Safari, ndiye niliyelisoma kwa sauti wenzangu wakipiga makofi.

Nieleze kwanza tunachofanya, maana mitaani hapa Daejeon maneno ni mengi. Mgeni wa kutoka nchi rafiki hahitaji viza ya kuingia Korea. Anachohitaji ni ruhusa ya kuja bila viza, na ruhusa hiyo huiomba mtandaoni. Wapo wanaosema hawaoni tofauti. Hao mara nyingi tunawanyima.

Sasa, kulikuwa na bibi mmoja wa Udon Thani, Tailandi, jina lake Bunma. Binti yake Wilawan ameolewa hapa kwetu, na Novemba hiyo alikuwa na mimba ya kwanza, tena kubwa. Bibi akajaza fomu. Penye sababu ya safari akaandika: "Binti yangu hawezi kuinama. Nakuja kumsaidia kutengeneza kimchi, halafu nimpokee mjukuu wangu." Mfumo wetu, wenye akili kuliko baadhi ya watu ambao sitawataja, ulipoliona lile neno "kumsaidia" ukawasha taa nyekundu. Nia ya kufanya kazi bila kibali. Ombi likakataliwa.

Kesho yake Wilawan akaja ofisini, tumbo limemtangulia, na nyuma yake mama mkwe wake, Bi Pyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Huduma zetu zote ziko mtandaoni," niliwaambia kutoka dirishani.

"Sasa wewe umekaa hapo dirishani kufanya nini?" akauliza Bi Pyo.

"Kuwaambia wananchi kwamba dirishani hakuna huduma."

"Ala! Na mshahara unapokea?"

"Mama, tafadhali tuheshimiane."

"Nakuheshimu sana, mwanangu. Nauliza tu kama mama yako mzazi anajua unachofanya ukitoka nyumbani asubuhi."

Wilawan alimshika mkono kumtuliza, kisha akaniinamia mimi kidogo, kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Kaka, tangu harusi sijamwona mama. Najifungua mwezi huu huu. Mume wangu yuko melini, harudi mpaka mwaka mpya. Naogopa, kaka. Nataka mama awepo, basi."

Niseme kweli, moyo uliniuma. Lakini fomu haina nafasi ya moyo wa mtumishi. Nikamshauri bibi aombe tena, aiache kimchi pembeni.

Bibi Bunma akaomba tena. Safari hii akaandika kwamba anakuja kumwangalia binti yake akijifungua. Mfumo ukajibu: uuguzi bila leseni. Akaomba mara ya tatu, akaandika anakuja kutembea tu na kutazama majani ya miti yanavyogeuka mekundu. Mfumo ukajibu: mwombaji anabadilisha maelezo, hajulikani anataka nini, na majani yameshapukutika.

Bi Pyo hakukubali yaishe. Aliandika rufaa ya kurasa nyingi, ya mkono, yenye matusi mapya kabisa kwangu. Hapo ndipo suala likamfikia Mkurugenzi Maeng, naye akaunda Kamati ya Kufafanua Kimchi.

Mkurugenzi Maeng ni mtu anayependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. "Swali ni moja," alisema. "Kimchi ni kazi au si kazi? Bi Tak, sheria inasemaje?"

Bi Tak wa Kitengo cha Sheria akavua miwani. "Sheria imenyamaza, bosi. Tupime wenyewe. Ukitengeneza kimchi mgongo unauma?"

"Mke wangu anasema unauma," akajibu mjumbe mmoja.

"Mikono inawasha?"

"Usiseme! Siku mbili hagusi jicho."

"Unaamka alfajiri?"

"Yeye huamka. Mimi huwa nimelala."

"Basi ni kazi," akasema Bi Tak, akavaa miwani.

Yule mjumbe akakunja uso. "Samahani, bosi. Ina maana mke wangu miaka yote hii amekuwa kazini?"

"Mkeo ni raia," akasema Mkurugenzi Maeng. "Raia anaruhusiwa kuchoka."

Tukaandika: *Mgeni yeyote atakayetia mkono kwenye kabichi, kwa malipo au bure, atahesabiwa kuwa mfanyakazi asiye na kibali, na aliyempa kabichi hiyo atahesabiwa kuwa mwajiri wake.* Mkurugenzi akatia saini, akaagiza tamko liingizwe kwenye mfumo, na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, asiweze kulifuta. Nikampigia Wilawan simu kumpa habari. Hakunitukana. Alisema "asante, kaka," sauti ikiwa imekwisha kabisa, akakata. Ningependelea kutukanwa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku yetu ya hisani. Kila mwaka watumishi wote wa Idara hukusanyika uwanjani kutengeneza kimchi kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Huja kwa hiari, na wasio na hiari majina yao hupelekwa kwa Mkurugenzi. Tulijipanga mezani, aproni shingoni, glavu za mpira za waridi mpaka viwikoni, milima ya kabichi zilizolazwa kwenye chumvi mbele yetu.

Mwaka huu tulikuwa na wageni. Bi Torunn, mkuu wa uhamiaji wa nchi moja ya kaskazini yenye theluji nyingi na watu wachache, alikuja na wasaidizi wawili kujifunza mfumo wetu. Waliingia bila viza, kwa ruhusa halali ya mtandaoni, sababu ya safari: mkutano. Mkurugenzi Maeng akawavisha glavu kwa mikono yake. "Karibuni, karibuni! Huku kwetu mgeni siku ya kimchi hakai kitako!" Akampa Bi Torunn kabichi, akampa na bonge la pilipili, akageukia kamera akatabasamu. Bi Torunn akaanza kupaka jani baada ya jani, kwa bidii, jasho likimtoka.

Mimi nilipiga picha na kuzipandisha kwenye tovuti yetu, kama nilivyoagizwa.

Simu ya Mkurugenzi ikalia. Ikalia ya Bi Tak. Ikalia na yangu. Mfumo ulikuwa umezisoma picha: wageni watatu, kabichi tatu, mwajiri mmoja. Wageni waondoke nchini mara moja. Mwajiri akamatwe.

"Futa!" akafoka Mkurugenzi.

"Tamko halifutiki, bosi," nikamwambia. "Uliagiza lisifutike."

"Bi Tak! Fanya kitu!"

Bi Tak alikuwa amepauka kama kabichi yenyewe. "Njia ni moja tu. Tamko lilitokana na faili la yule bibi wa Udon Thani. Tukiliamua faili lile upya, na tamko linabadilika."

"Basi mpeni! Mpeni bibi wa watu ruhusa! Mnangoja nini?"

Faili likafunguliwa pale pale, katikati ya vitunguu saumu. Bi Tak akaandika haraka: *Kutengeneza kimchi si kazi iwapo wanaotengeneza ni ndugu.* Mkurugenzi akasaini akiwa na glavu, karatasi ikapata madoa mekundu, ruhusa ikaenda Udon Thani. Nilikimbia pembeni kumpigia Wilawan na kumsimulia yote. Alilia mpaka nami nikaangalia juu kidogo, nikisingizia pilipili. Kisha Bi Pyo akamnyang'anya simu. "Mwambie bosi wako, mkuki kwa nguruwe!" Nimeamua kutoufikisha ujumbe huo. Bibi aliwahi, mjukuu alipotoka alimkuta bibi yake keshafika.

Niliporudi mezani, taa kwenye simu zetu zilikuwa bado nyekundu.

"Mbona haizimi?" akauliza Mkurugenzi.

"Tamko jipya linawahusu ndugu, bosi," akasema Bi Tak kwa sauti ya chini. "Hawa si ndugu zako."

Mkurugenzi Maeng akafikiri. Sijawahi kumwona akifikiri kwa muda mrefu namna ile. Kisha akamwendea Bi Torunn, akainama mpaka kipaji cha uso kikakaribia beseni, akasema kupitia mkalimani: "Bi Torunn, mimi na wewe ni ndugu."

Bi Torunn aliacha kupaka. "Ndugu wa wapi?"

"Wa... wa moyoni. Sema ndiyo tu. Kuanzia leo nakuita dada. Dada yangu mpenzi, nakusihi!"

Bi Torunn akamtazama, akaitazama kabichi, akautazama ujumbe kwenye simu ya mkalimani. Ulipotafsiriwa mpaka mwisho, akavua glavu moja, halafu ya pili, akazilaza mezani vizuri.

"Serikali yangu ilinituma nije nione mfumo wenu unavyofanya kazi," akasema. "Naomba usiuzuie."

Pale kwenye meza ya figili walikuwepo wakaguzi wawili wa Idara, wenye kazi ya kukamata waajiri, ambao Mkurugenzi alikuwa amewaleta kwa hiari yao Jumamosi ile, mmoja akiwa ameikosa sherehe ya mwanawe. Waliosha mikono. Wakavua aproni, wakazikunja. Wakamwendea Mkurugenzi Maeng, wakamwinamia kama cheo chake kinavyostahili, wakamwomba kitambulisho. Akakitoa. Wakakipokea kwa mikono miwili.