Wazungu Watatu Wanamtafuta Flora

Jumatatu, 1 Agosti 1955
Suruali moja tu leo, na mguu mmoja umezidi mwingine. Lakini kuna habari! Wazungu watatu wamefikia hotelini kando ya ziwa. Wamepita mbele ya cherehani yangu wakibishana. Mbelgiji kasema flore. Mjerumani, Flora. Mwitaliano, flora, huku akibusu vidole. Mataifa matatu, mwanamke mmoja! Uzuri gani huo?

Jumanne, 2 Agosti
Nzabonimpa, mpishi wa hoteli, kathibitisha: wanatafuta flora ya huku kwetu. Atakayewaonyesha atapanda gari lao hadi Bugeshi, kule milimani, kiongozi wa msafara! Kadiri, fundi mwenzangu ng'ambo ya barabara, naye anaitaka kazi hiyo. Kadiri, asiyejua kutia kifungo! Nimeulizia soko zima. Mukandutiye yuko. Nyirahabimana yuko. Flora hakuna.

Jumatano, 3 Agosti
Kama hayupo, atashonwa. Nimemwendea Languida, mjane muuza samaki, ambaye (niseme kweli) namwazia tangu masika. Nimemwomba awe Flora kwa siku moja. Akaniuliza, "Fundi Faradji, we iko na homa?" Nikaahidi gauni la maua. Homa ikasahauliwa.

Ijumaa, 5 Agosti
Baada ya sala, hotelini. Languida kang'aa! Nikamaliza Kifaransa changu chote: "Bon! Voilà Flora!" Mwitaliano akavua kofia. Mbelgiji akaeleza kwa Kiswahili kwamba flora si mtu. Ni miti, majani na maua yote ya nchi. Nikaonyesha gauni: haya si maua? Mjerumani akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo akatokea Kadiri na kapu la majani mabichi. Wakamchukua! Kumbe alikwenda misheni ya Nyundo kumwuliza padri maana ya neno. Kuuliza! Huo si udanganyifu?
Languida naye alicheka mpaka machozi. Kasema hajacheka hivyo tangu afiwe. Kanialika Jumapili, samaki na ndizi. Gauni harudishi.

Jumamosi, 6 Agosti
Gari limepanda Bugeshi. Kadiri kakaa mbele, shingo ndefu kama korongo. Haya. Nimepata akili: neno usilolijua, uliza kwanza.
Alasiri Nzabonimpa kaja mbio: wiki ijayo anafika Mzungu mwingine na vizimba vya wanyama, huyu anatafuta fauna. Dada yake Flora, bila shaka! Simwulizi mtu, Kadiri asije akasikia. Languida akivaa buluu atafaa kabisa. Kitambaa nimekwisha kukata.