Mawe ya Kuzuia Moto wa Chini

Jumatatu, 4 Machi

Papa Kambere amekataa tena. Binti yake Béata hataolewa na mtu ambaye kiwanja chake, hapa mtaani Mabanga, kina ufa unaotoa joto. Anasema nimetandika kitanda juu ya volkano. Josias, yule dereva anayemtaka Béata pia, alikuwepo, akachekelea. Yeye ana kiwanja mtaa wa Mapendo, kisicho na ufa. Shenzi!

Lakini redio imeniokoa. Mtaalamu kasema mwamba ulioyeyuka hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka. Kumbe! Dawa ya wepesi ni uzito. Nitaukandamiza kwa mawe.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuza kitanda, nikakodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Nimesomba mawe meusi mtaa mzima. Magurudumu ya mbao yamelia, mgongo nao umelia. Jirani, Mama Nsimire, ameuliza kama najenga kaburi. Nimeshusha jiwe jingine juu ya ufa. Rundo limenifika kifuani. Nikilitazama roho inatulia, halafu haitulii.

Alhamisi, 7 Machi

Papa Kambere amekuja na Béata. Nimemweleza sayansi yote. Akaokota jiwe moja, limejaa vitundu, akauliza: "Mutoto yangu, hii jiwe ilitoka wapi?" Nikasema Nyiragongo, ule mlima wa volkano. Akataka kujua lilifikaje juu kule. Ndipo nikakumbuka: lilipanda likiwa limeyeyuka. Yaani nimefunika moto kwa moto uliopoa!

Béata akamimina mawese kwenye gilasi, kisha maji juu yake. Mawese yakapanda. Akanieleza kwamba maji ni mazito, yanashuka na kuyasukuma mafuta. Uzito wa juu ndio unaoyapandisha. Alinitazama kwa huruma. Heri angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya, safi kabisa! Kama uzito huita moto, basi uende Mapendo. Nimempelekea Josias mawe yote, zawadi. Amenikumbatia, mjinga yule.

Jumanne, 12 Machi

Josias amejenga ukuta kwa mawe yangu. Mzuri, siwezi kukataa. Papa Kambere ameuzunguka polepole, akautia mkono, akasema huyu ndiye mwanamume wa kukaa na mke. Posa imepokelewa. Béata anacheka, nimemwona mwenyewe. Nimeumia sana.

Nimezunguka chumbani tangu mchana, sina pa kulala wala pa kuketi. Ndipo nikafikiri. Ukuta ule mzito unausukumia moto wapi? Kwangu, kulikobaki kwepesi! Nimekimbia kukodi chukudu. Kesho asubuhi nasomba mawe tena, kiwanja changu kiwe kizito.