Kilo Mia Moja na Tisini za Bure

Jumatatu, 13 Desemba 1971

Mashua imekwisha. Miezi minne Baba ameipigilia misumari nyuma ya kibanda chake cha useremala hapa Dagoretti Corner, na wapita njia wamekuwa wakimuuliza gharika inaanza lini. Leo ameipaka rangi ya mwisho. Ya kijani. Jumamosi asubuhi inakwenda Kendu Bay kwa Baba Mdogo Odhiambo, ambaye ataivulia samaki.

Itabebwa kwa trela la Mzee Kiragu, mwenye nyumba wetu wa Kabiria. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama, na tangu hapo analibebea nyasi za ng'ombe. Atalivuta kwa pikapu yake. Mbele mna viti vitatu: cha Mzee Kiragu, cha Baba, na kimoja.

Hicho kimoja ninakitaka. Nina miaka kumi na mitatu na sijaona ziwa. Binamu yangu Caren, tunayeishi naye, anakitaka pia, ingawa alizaliwa kando ya ziwa na akaliangalia kila siku mpaka darasa la tano. Huo ni uchoyo. Tena amewaambia wasichana wote wa ploti tunayopanga kwamba mimi, Peres, nikiliona ziwa nitauliza bomba lake liko wapi.

Baba amesema kiti ni cha atakayemsaidia zaidi. Caren akaenda mbio kumchemshia chai. Chai! Mimi nina hesabu.

Jumanne, 14 Desemba

Trela lina kibati cha chuma kilichofunikwa na kinyesi cha ng'ombe. Nimekisugua kwa majivu. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba uzito wote pamoja usizidi kilo 500. Nikamsomea Baba. Akasema hakujua kwamba trela lina maoni.

Nikamtolea daftari. Mwalimu Munyiva alitufundisha kupima, kuandika na kuhakikisha, kwa hiyo nimepima kila ubao kwa mizani ya Wangui muuza makaa kabla haujapigiliwa. Misumari pia. Lami pia. Rangi nilipima mkebe ukiwa umejaa, kisha mtupu. Jumla kilo 270. Baba akaniita injinia. Caren alikuwepo. Alisikia. Chai yake ilipoa.

Nimejiuliza kama "wote pamoja" ni pamoja na trela lenyewe. Haiwezekani. Mtu akibeba gunia la kilo arobaini hasemi amebeba kilo mia eti kwa sababu na yeye yumo. Nimeandika hoja hii pembeni na kuipigia mstari kwa rula.

Jumatano, 15 Desemba

Mjini na Baba kununua injini ya mashua, iliyotumika, katika duka karibu na bustani ya Jeevanjee. Nilimwomba muuzaji, Bwana Kilonzo, aiweke kwenye mizani. Akamuuliza Baba kama ananunua injini au ananunua nyama. Kilo 40 kamili.

Kwa hiyo: 270 na 40 ni 310. Toa kwenye 500. Zinabaki kilo 190, tupu, za bure, zinakwenda Nyanza bila kubeba kitu! Sikuweza kukaa kwenye basi. Nilisimama mpaka nyumbani ingawa viti vilikuwepo.

Mpango umenijia basi likipita Kilimani. Kilo hizo nitawagawia majirani wenye mizigo ya Krismasi. Majirani watamsifu Baba. Baba atajua sifa zimetoka wapi. Nimemwambia Mama Nanjala peke yake, kwa siri kubwa.

Kufikia chakula cha jioni ploti nzima ilikuwa inajua.

Alhamisi, 16 Desemba

Foleni. Kwetu mtu anayekwenda nyumbani hakatai mzigo wa mwenzake, na kila mzigo ni "kitu kidogo tu". Kitu kidogo cha Mama Nanjala ni cherehani na miguu yake ya chuma. Kaka yake ataichukua Kisumu. Kitu kidogo cha Ajwang, fundi wa viatu, ni mlango. Nikamuuliza mlango wa nyumba gani. Akasema nyumba itafuata. Mwingine ana betri ya gari, ya redio ya baba yake.

Kumpimia mtu mzima zawadi yake mbele ya macho yake ni utovu wa adabu. Nimemwomba kila mmoja ataje uzito mwenyewe, nikaandika.

Caren aliipelekea foleni chai. Jasusi.

Jumla: 190 kamili. Nimelikumbatia daftari.

Ijumaa, 17 Desemba

Mama Nanjala amemwambia Baba kwamba mtoto kama mimi hazaliwi, hushushwa. Ajwang amemwita Baba mkombozi. Baba ametembea mabega juu siku nzima. Jioni akatangaza kwamba kiti ni changu.

Kiti changu! Nimemuuliza Caren, kwa upole tu, kama angependa nimletee maji kidogo ya ziwa kwenye chupa. Amekwenda kuchemsha chai.

Jumamosi, 18 Desemba

Nilikaa katikati, daftari magotini. Mzee Kiragu alilitazama trela, akauliza kama tuna hakika. Baba akasema binti yake amepima. Tukaondoka. Ploti nzima ilitupungia mikono.

Tulikwenda hatua sitini. Kisha mlio kama wa bunduki, na mashua ikapiga goti katikati ya Ngong Road. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika. Mama Nanjala alikuwa bado anapunga mkono. Akatufuata, akaendelea kutupungia kwa karibu.

Nikatangaza kwamba kuna mtu amedanganya uzito. Nikaomba mizani ya Wangui. Kila mzigo ukapimwa mbele ya wenyewe na mbele ya kila aliyekuwa anapita. Mlango, kilo 28 kama alivyosema. Betri, 15 kama ilivyoandikwa. Mama Nanjala alitaja 35, ikatoka 34. Akataka arudishiwe kilo yake moja.

Wote wakweli. Ilikuwa aibu.

Hapo Mzee Kiragu akaniuliza taratibu, "Karani, trela lenyewe umeliandika wapi?" Nikamweleza hoja ya mtu na gunia. Nikamwonyesha na mstari wa rula. Akaisoma mara mbili, akauliza magurudumu hayo yanambeba nani kama si trela kwanza. Trela, akasema, lina kilo 170. Anajua tangu alinunue. Hakuna aliyemuuliza.

Tangu mwanzo tulikuwa na nafasi ya kilo 20.

Baba hakunipiga. Alifunga daftari, akanirudishia, akasema chai ya Caren haijawahi kuvunja kitu. Kiti ni cha Caren. Dedan, fundi wa kuchomelea vyuma, atachomelea springi kesho, safari ni Jumatatu, mizigo yote irudi kwa wenyewe.

Jumapili, 19 Desemba

Kanisani hakuna aliyenipa mkono isipokuwa mchungaji. Mlango wa Ajwang umelazwa chumbani kwetu kwa sababu kwake haupiti mlangoni. Caren anafanya mazoezi ya kukaa katikati. Nimekiri mbele ya Baba kwamba nilikosea, na kwamba kibati ni kibati. Nilimaanisha kila neno.

Baada ya chakula nilipita karibu na pikapu ya Mzee Kiragu. Nyuma iko tupu! Nimeikagua pande zote, hata uvunguni, kwa dakika arobaini. Hakuna kibati popote. Kitu kisicho na kibati hakina kikomo.

Nimemwambia Mama Nanjala peke yake, kwa siri kubwa. Ajwang ameshakuja kuuchukua mlango aupakie.

Nimepima vizuri. Kati ya cherehani na mlango, chini ya turubai, patabaki nafasi ya sentimita sitini, kiasi changu kabisa. Mimi nina kilo 38, lakini sikujiandika. Abiria hujibeba mwenyewe.