Samaki wa Glory na Pikapu Iliyogoma Ufukweni

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu, mbele ya shangazi yangu na mbele ya samaki. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kwa wengine mtasikia vibaya zaidi.

Mnaonifahamu mnajua kuwa mimi ni mwalimu wa udereva hapa Moshi mjini. Kazi yangu ni kueleza. Naeleza klachi, naeleza vioo vya pembeni, naeleza hata kwa nini mbuzi mmoja akivuka barabara umsubiri na mwenzake. (Mke wangu anadai hata usingizini huwa naeleza.)

Basi. Binti wa kaka yangu, Glory, leo amepata kipaimara kule kwetu Kilema. Kwetu sherehe ni nyama, ndizi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, haina mjadala. Lakini kwenye kikao cha maandalizi mtoto aliulizwa anataka nini, akanitazama mimi. "Baba mdogo, nataka samaki wabichi. Wa kukaanga."

Shangazi Filomena, ambaye ndiye mkuu wa jiko kwenye sherehe zote za ukoo, akauliza, "Samaki? Watapanda huku mlimani kwa miguu?"

Nikasimama. "Nitawaleta mwenyewe siku hiyohiyo asubuhi, wakiwa bado wanashangaa kwa nini wametolewa majini!"

Nikapigiwa makofi. Kwa ahadi hiyo nyama ikapunguzwa. Yaani samaki wasingefika, wageni leo wangekula ndizi na maelezo yangu.

Asubuhi tukashuka na pikapu ya kaka, mimi na shangazi. Yeye alikuja kuchagua samaki, kwa sababu haniamini. Wengine walienda kanisani. Tukapita Himo, tukaiacha lami, tukaingia kwenye joto mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji yamerudi nyuma sana, kwa hiyo kati ya barabara na mitumbwi kuna ufukwe mpana wa mchanga, mweupe na laini kama unga wa sembe. Magari yote yalikuwa yameegeshwa kwenye ardhi ngumu. Yote.

"Tuache gari hapa kama wenzetu," shangazi akasema. "Samaki waletwe na toroli."

"Shangazi, mchanga nao ni somo kama masomo mengine."

"Sikuja shule, Deo. Nimefuata samaki."

Nikamweleza hata hivyo. Na ninyi nawaeleza, kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli na litawafaa. Mchanga laini unahitaji tairi pana, hivyo unapunguza upepo kidogo ili tairi ilale. Unaingia ukiwa tayari kwenye gia ndogo. Unakwenda kwa mwendo mmoja, bila kukanyaga breki kwa ghafla na bila kukata kona kali. Na ukishaanza kwenda, usisimame mpaka umefika.

Nikapunguza upepo. Nikaingia. Ndugu zangu, pikapu ilikwenda kama mashua! Watu kwenye mitumbwi wakasimama kuangalia. Nikafika karibu kabisa na wauzaji, nikasimama taratibu, nikazima. Hata shangazi alisema, "Hm." (Kwa shangazi, hiyo ni pongezi yenye cheti.)

Sasa hapa ndipo msomaji wa Kilema ataelewa na wa Dodoma atashangaa. Kwetu mlimani hakuna mahali tambarare. Ukiegesha gari, unashuka na mawe mawili, moja unaweka mbele ya tairi, moja nyuma. Breki ya mkono haiaminiki, jiwe linaaminika. Kila gari la kwetu lina mawe yake, na mkono unayaweka bila kuuliza kichwa. Shangazi akachungulia dirishani kama anavyochungulia kila siku. "Umeweka mawe?"

"Nimeweka."

Akashuka kwa amani. Watu wazima wawili, kwenye mchanga tambarare kama meza, tumeridhika kuwa gari halitaporomoka.

Tukanunua perege wazuri sana. Mama mmoja anaitwa Mama Zuhura alitupangia samaki kwenye matenga pamoja na barafu, tukayapakia. Nikawasha. Nikaachia klachi kwa upole.

Pikapu haikwenda.

Nikaongeza mafuta kidogo. Tairi la nyuma upande wangu likazunguka, likarusha mchanga, likajichimbia. Nikazima mara moja, kwa sababu mwalimu hapigani na mchanga. Watu wakaanza kukusanyika. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikaona darasa.

"Karibuni, msiogope," nikawaambia. "Hili linamtokea yeyote. Kwanza kabisa, hatukanyagi mafuta kwa hasira. Tukikanyaga kwa hasira, nini kinatokea?"

"Tunazama!" wavuvi wakajibu kwa pamoja.

"Vizuri sana!"

Mama Zuhura akanyoosha kidole. "Mwalimu, samahani, na hilo ji..."

"Maswali mwishoni, mama. Tusikatize mtiririko."

Nikachimba mchanga mbele ya tairi lililokuwa linazunguka. Nikatandika magunia. Nikaeleza kwa nini tunatandika magunia. Nikakagua na matairi ya mbele, yote mawili. (Nilikagua matatu. Mwalimu mzuri hukagua manne.) Wanaume wakasukuma. Pikapu ikatikisika, ikarudi palepale.

"Mzigo ni mkubwa," nikasema. "Tushushe samaki."

Matenga yakashushwa juani. Maji ya barafu yakaanza kuchuruzika. Shangazi akayatazama maji yale, kisha akanitazama mimi. Simu ikalia. Alikuwa kaka yangu, ananong'ona kutoka nje ya kanisa.

"Mko wapi? Askofu amemaliza mahubiri!"

"Tuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Mwanzoni mwa njia."

"Deo, mtoto anawaambia wenzake watakula samaki. Amewaalika watoto wote waliopata kipaimara naye. Wote!"

Nikavua shati, nikapunguza upepo tena, nikachimba kwa mikono. Shangazi alivua viatu vyake vya kanisani, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akapiga magoti kuchimba pamoja nami huku anamwita Mungu kwa Kichaga, "Ruwa wangu, Ruwa wangu," kwa kila kiganja cha mchanga. Ana miaka yake, lakini anachimba kama anapanda migomba.

"Mwalimu," Mama Zuhura akaanza tena, "hilo jiwe..."

"Mwishoni, mama yangu. Umefanya vizuri kuwa na swali, lishikilie."

Tukasukuma mara ya pili. Mvuvi mmoja akaanguka kifudifudi, akainuka na ndevu za mchanga. Mara ya tatu pikapu ilitoa harufu ya klachi ambayo huwa nawaambia wanafunzi wangu, "Mkiisikia hii, mjue mna tatizo." Samaki nao wakaanza kutoa harufu yao. Sikuwa na la kueleza tena. Hiyo haijawahi kunitokea.

Nikakaa kwenye mchanga. Kwa sauti ndogo nikasema, "Haya. Kuna mwenye swali?"

Mama Zuhura akanyoosha kidole, mstaarabu kabisa.

"Nilitaka kujua tu, mwalimu. Hilo jiwe lililo mbele ya tairi la upande wa pili, huwa mnalitoa saa ngapi?"

Nikainuka, nikajipangusa mchanga.

Nikazunguka gari. Tairi la nyuma upande wa abiria lilikuwa limekaa kati ya mawe yangu mawili, limetulia kama yai kwenye kiota. Tairi moja lilizuiwa, lingine likawa linazunguka bure. Hilo nalifundisha kila wiki! Nina hata mchoro wake ukutani!

"Mlikuwa mnaliona?" nikawauliza waliokuwa wanasukuma.

"Tuliliona," akajibu yule wa ndevu za mchanga. "Tukajua ni sehemu ya mafunzo."

"Ulivyokuwa unaeleza," mwingine akaongeza kwa upole, "tukasema labda ndiyo namna ya huko kwenu mlimani."

Shangazi alisema neno moja tu. "Deo."

Nikayatoa mawe. Nikawasha. Pikapu ikatoka kwa mguso mmoja, kama ndama aliyefunguliwa kamba! Watu wakashangilia, na mimi nikakumbuka sheria ya mchanga: ukishaanza kwenda, usisimame mpaka umefika. Nikaitii. Nikaenda mwendo mmoja, mzuri, wa kitaalamu, mpaka ardhi ngumu.

Nikashuka nikitabasamu. Nikageuka kumwambia shangazi, "Umeona?"

Shangazi hakuwepo. Wala samaki hawakuwepo.

Walikuwa kule ufukweni, wote pamoja, wadogo kabisa kwa mbali. Kisha nikaona msafara unakuja juani: matenga juu ya toroli, wavuvi wanasukuma, na mbele yao shangazi yangu, pekupeku, viatu mkononi. Nilikimbia kuwapokea. Alinipita kama anayepita mlingoti. Akapanda, akafunga mlango, akatazama mbele. Tukajaza upepo kijiji cha kwanza tulichokikuta, tukanunua barafu nyingine, na mpaka Himo hakusema kitu. Himo akasema, "Kanyaga." Nikakanyaga.

Tumefika Kilema kanisa linatoka. Kilichotuokoa ni picha. Watoto ni wengi, na kila mmoja na ukoo wake wote wanataka picha na askofu. Ahsante, baba askofu, kwa kutokuwa na haraka. Shangazi aliingia jikoni na mchanga wake magotini, akakamata kikaango, na wageni walipokaa samaki wa kwanza walikuwa wanatoka kwenye mafuta, wakavu, wa dhahabu, na ndimu pembeni. Glory alikula huku anafumba macho. Wenzake walilamba mpaka mifupa. Shangazi, ambaye siku zote husema sisi Wachaga na samaki hatujuani, amekula vipande vitatu. Anasema halisifu bwawa, anajilipa jasho lake.

Ningefurahi sana kama ingeishia hapo. Lakini baada ya kipande cha tatu alishushia na mbege, akapanguza mikono, akaanza kusimulia. Mara ya kwanza alisimulia kama ilivyokuwa. Mara ya pili wavuvi waliongezeka, na Mama Zuhura akawa ameuliza mara kumi. Sasa hivi nimejificha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, naandika haya, na namsikia anasimulia mara ya nne: maji ya bwawa yamejaa, yamenifika kifuani, na bado naeleza.

Kwa hiyo nawaomba, mliopo kwenye sherehe na mnasoma hii: msicheke kwa sauti. Kila akisikia kicheko anaanza upya, na safari ijayo atanizamisha kabisa.