Mapumziko Yangu Katika Chumba cha Viti

Jumapili, 10 Mei

Mahubiri ya leo yalinilenga mimi. Mchungaji alisema Bwana anawaita waliochoka na wenye mizigo, na alipofika kwenye "mizigo" akanitazama. Mke wangu anadai alikuwa anatazama saa ya ukutani, iliyo juu ya kichwa changu. Wivu!

Nani kachoka kuliko mimi? Fundi cherehani mzima, na kwaya inataka majoho mapya ya jubilei ya kanisa. Mama mkwe amekuja kutibiwa goti na amekalia kiti changu. Kaka yangu anataka nikamsuluhishe na mkewe, ambaye ana haki kabisa. Mke wangu anataka nizibe paa linalovuja. Hakuna hata mmoja anayetaka niketi tu.

Nimeamua. Nitapumzika katika Bwana, kwa nguvu zangu zote.

Jumatatu, 11 Mei

Nimetangaza nyumbani kwamba naingia kwenye maombi ya kimya. Mpango mzuri ajabu: asiyeongea ataombwaje kitu? Mlinzi wa kanisa amenipa chumba cha kuhifadhia viti, nyuma ya madhabahu.

Mke wangu akauliza, na majoho je? Nikanyoosha kidole mbinguni. Akauliza kama huko juu kuna cherehani. Sikumjibu, nilikuwa nimeshaanza kunyamaza.

Nimejitandikia kitambaa cha majoho sakafuni. Laini! Pia nimefunga kula, isipokuwa mkate na ndizi, ambavyo si chakula hasa.

Jumanne, 12 Mei

Balaa! Habari zimeenea kwamba kuna mtu wa Mungu kwenye chumba cha viti. Asubuhi nilipofungua mlango, foleni imefika kwenye ngazi. Mwenye duka la dawa anataka bintiye apate mchumba. Kaka yangu kaja na mkewe, wakagombana mbele yangu, kila mmoja akidai uso wangu unamuunga mkono yeye.

Akafuata mwalimu wa kwaya, mama mmoja asiyejua kuweka nukta anapoongea. Alinieleza maandalizi yote ya jubilei, kuanzia maua. Usingizi ukanizidi. Kichwa kikaniangukia kifuani, nikakiinua, kikaanguka tena. Nilipozinduka, mama yule ananishukuru kwa machozi. Kumbe nimekubali majoho yawe tayari Ijumaa! Nimekubali kuwalaza nyumbani kwangu wanakwaya wageni! Nimekubali kuimba ubeti wa kwanza peke yangu!

Na siwezi kukanusha. Niko kimya.

Jumatano, 13 Mei

Usiku nililala kwenye saruji. Mke wangu alipita jana jioni, akavuta kile kitambaa nikiwa bado nimekilalia, kama anavyomtolea mtoto shuka. Akaondoka nacho. Mtu mkali sana.

Mbaya zaidi, fundi wa duka la mkabala na langu, yule tunayemwita Bwana Mkasi, naye ameanza maombi ya kimya. Barazani kwake! Mbele ya wapita njia! Mlinzi anasema amefumba macho na kuvaa suti. Unafiki mtupu. Mimi angalau nimejificha, na nikahakikisha kila mtu anajua nimejificha wapi.

Nimeongeza bidii. Nimepiga magoti hadi ganzi ikapanda kiunoni. Pumziko halijafika. Labda limeelekezwa barazani kwa Mkasi kwa makosa.

Alhamisi, 14 Mei

Mke wangu amekuja mchana. Nywele zimejaa nyuzi, sindano kaichomeka begani. Ameshona majoho peke yake tangu Jumanne usiku. Amemkanda mama yake goti. Paa kapanda mwenyewe akaliziba. Nikajiandaa kutukanwa, nilikuwa na uso maalumu wa mtu anayeteswa kwa ajili ya imani.

Hakunitukana. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akavinyoosha vidole vya miguu.

"Na mimi nilikuwepo Jumapili," akasema. "Na mimi niliitwa."

Ule uso wangu maalumu ukakosa kazi.

Akafumba macho. "Baba, nimechoka. Nimekuja."

Basi. Hakuomba kitu, hakumweleza Mungu ratiba. Mimi nilishamtajia mpaka jinsi ya kumnyamazisha mwalimu wa kwaya. Kisha akalala pale pale, mdomo wazi, mkono wake juu ya goti langu.

Nikabaki nimeketi. Nje mtu aligonga, akaondoka. Kifua changu kikalegea chenyewe, bila mpango wowote. Sikutaka kitu. Nilimtazama mke wangu, nikaona kumbe miguu yake imevimba. Nikalia kidogo. Vumbi la viti, nadhani.

Nikamwacha alale, nikaenda nyumbani. Nikapika chakula, kikaungua. Mama mkwe alikula chote, akasema ameishi hadi kuona muujiza. Nikashona mikono ya majoho yaliyobaki.

Jumapili, 17 Mei

Jubilei imefana! Mikono mitatu niliyoshona ilitokea yote ya kushoto, lakini wenye majoho hayo walisimama nyuma.

Mchungaji akaniomba nishuhudie. Nikashuhudia juu ya pumziko. Watu wakalia. Bwana Mkasi alilia kuliko wote, ili aonekane. Ndipo Roho akanishukia, au pengine yalikuwa makofi, nikatangaza semina ya kupumzika katika Bwana. Jumamosi ijayo, nyumbani kwangu, tangu alfajiri mpaka jioni. Kanisa zima limeitikia amina!

Mke wangu atawapikia wote. Ataazima masufuria, atapanga viti, ataosha vyombo. Katikati atasimama aeleze jinsi nilivyomfundisha kupumzika.

Sijamwambia bado. Tangu turudi kanisani amelala, viatu hata hajavua. Ngoja nimwamshe nimpe habari njema.